Aliyemtetea Kakakuona

"Abiria mwenye mapazia ya zambarau! Narudia, abiria mwenye mapazia ya zambarau! Dereva ameshawasha gari. Funga hicho kijitabu, dada yangu, upande."

Kituo kizima cha mabasi kiligeuka kumtafuta mwenye mapazia, isipokuwa mwenyewe. Yeye alikuwa ameegemea nguzo, furushi limemlalia begani kama mtoto aliyesinzia, macho yamezama kwenye kijitabu cha picha kilichotoka asubuhi ile. Alivaa gauni la kitani la rangi ya majani mabichi, mshono wake mwenyewe, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwa vile alitoka dukani mbio. Alipoinua uso, basi lake lilikuwa linakata kona.

"Ala! Limeniacha!"

Mlango wa kibanda cha kioo juu ya ngazi ukafunguka. Akashuka kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

"Dada, nimekuita mpaka koo limekauka."

Ilikuwa sauti ileile ya kwenye vipaza sauti, nzito na tamu, ila sasa ilikuwa na meno na macho ya kucheka.

"Si ungeita kwa nguvu," fundi mapazia akamjibu.

"Kwa nguvu? Nina kipaza sauti kila nguzo!"

"Basi ungesema jambo tamu kuliko hili." Akamtikisia kijitabu usoni.

Mtangazaji akasoma jalada, uso ukamchanua. *Mtaa wa Mikia!* Kumbe naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule. Hadithi ile ya picha ilitoka kila mwezi, na wanyama wake walivaa suruali na magauni, walilipa kodi ya nyumba na kugombania foleni ya maji. Wasomaji waliibishania utadhani wahusika wake ni ndugu zao wa tumbo moja.

"Usiniambie uko upande wa Kakakuona," mtangazaji akasema.

"Niko upande wake. Kuna kosa?"

"Yule mama hana haya! Anamwacha mtoto mlangoni kwa Mzee Nungunungu, anapotea miaka na miaka, halafu anarudi kupanga chumba cha mkabala na kumwambia mwanawe, 'Hujambo, jirani.' Jirani!"

"Wewe unasoma kwa macho au kwa pua? Umewahi kuutazama mkia wake?"

"Mkia una nini?"

Fundi akatua furushi chini, akafungua kurasa. "Kakakuona humbeba mtoto juu ya mkia. Sasa tazama hapa, anapanda ngazi. Na hapa, yuko kwenye foleni ya maji. Wenzake wote mikia inacheza, wake mchoraji anauchora umeinama, mzito, kama kuna aliyempanda. Yule mama hajamteremsha mwanawe hata siku moja. Halafu mtaa mzima unaona kwamba wawili wale wana magamba sawasawa, na hakuna anayesema. Ninyi mnasoma maneno tu."

Mtangazaji akachukua kijitabu, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akiutafuta ule mkia tu.

"Gari lijalo saa ngapi?" fundi akauliza.

"Likija nitakuambia," akasema. "Ila naliombea lichelewe."

Likachelewa kweli, na namba za simu zikapeanwa.

Mtangazaji yule, pamoja na kazi ya kituoni, alikuwa na kipindi chake cha sauti mtandaoni, Baraza la Mikia, ambako mashabiki walichambua kila toleo. Alimwalika fundi, na siku ya kwanza tu wasikilizaji wakambandika jina, Bi Magamba. Mpinzani wake mkubwa alikuwa daktari wa mifugo, mtu mzima asiyejua mzaha, aliyetaka kuelezwa inakuwaje kakakuona ananunua mkate wakati sayansi inasema chakula chake ni mchwa.

"Daktari, na suruali aliyovaa Nungunungu, sayansi inasemaje?" fundi akamuuliza, na baraza zima likavunjika mbavu.

Simu za asubuhi zikaanza, kabla basi la kwanza halijatangazwa.

"Fundi wangu, umeamka?"

"Fundi wako? Nani kakupa?"

"Nimejipa mwenyewe. Ukitaka nikurudishe, njoo uchukue."

"Nikija nitachukua na huo mdomo."

"Chukua, mpenzi. Ila uutunze, ndio unaonilisha."

Basi, penzi likashona upande huu, likashona upande ule, mpaka siku moja fundi akamleta nyumbani. Huko mtangazaji akamkuta mama mtu, mjane wa maneno machache, na Kitinda, binti wa miaka kumi na minne, mwembamba, mdadisi, mwenye kicheko kinachoanzia puani. Majirani wote walimjua kama kitinda mimba wa nyumba ile, ndipo jina likamganda. Kitinda alikuwa shabiki wa Mtaa wa Mikia kuliko dada yake, na haikupita saa moja alikuwa akimwita mgeni "kaka" na kumtaka aigize sauti ya Nungunungu anayepiga chafya.

"Ninyi wawili mnafanana," mtangazaji akasema akicheka, "kama pacha mmoja alichelewa basi."

Mama akainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na kitu.

Miezi ikapita. Mtangazaji akaanza kutaja habari ya kutuma wazee. Fundi akamfuata kazini wakati wa chakula cha mchana, akapanda mpaka kwenye kibanda cha kioo, akamwomba azime mitambo.

"Imezimwa. Kuna nini, mbona umepauka?"

Alisema akiwa anatazama mabasi, si yeye.

"Kitinda si mdogo wangu."

"Una maana gani?"

"Ni mwanangu. Nilimzaa nina miaka kumi na sita. Aliyenipa mimba alihama kabla tumbo halijaonekana. Mama akanipeleka kwa shangazi, tukakaa huko mpaka nikajifungua, akarudi na mtoto mgongoni, akasema ni wake. Baba alikuwa amefariki mwaka ule, basi watu wakasema Mungu kamwachia mjane kumbukumbu. Mimi nikawa dada."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Kila nikifungua mdomo nimwambie, ananiita dada, mdomo unajifunga wenyewe. Lakini nitamwambia. Nataka alisikie kutoka kwangu."

Mtangazaji akamshika mikono yote miwili. Macho yalikuwa yamemlowa. "Sasa nimeelewa ule mkia," akasema. "Limeingia kwangu, fundi wangu, limezikwa."

"Usilizike. Litunze tu."

Alishuka ngazi zile mwepesi, kama aliyetua furushi alilobeba tangu usichana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alifikiri amepata kata yake.

Kisha likaja kongamano la mashabiki.

Lilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa chuo, mashabiki kwa mamia, na Baraza la Mikia likirushwa moja kwa moja. Mtangazaji ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kitinda alikwenda naye, amevaa magamba ambayo fundi alimshonea kwa masalio ya vitambaa vya mapazia, kahawia na dhahabu, moja juu ya jingine kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mtangazaji alimwekea kiti mstari wa mbele. Fundi mwenyewe hakuweza kwenda. Mteja mmoja alihamia nyumba mpya na madirisha yake yalikuwa uchi. Basi akasikiliza juu ya ngazi, kipokea sauti sikioni, vibanio vya pazia mdomoni.

Mjadala ulikuwa wa Kakakuona. Daktari wa mifugo alikuja amejiandaa.

"Mhusika huyu ni uongo mtupu," alisema. "Hakuna mama, wa mnyama wala wa mtu, atakayeishi mlango kwa mlango na mwanawe na kumficha. Mwandishi katudanganya, na Bi Magamba wenu anatetea karatasi. Na leo mbona hayupo? Amejikunja?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakapiga meza. Mtangazaji alijaribu kujibu, wakamzomea. Akajaribu tena, wakamwimbia. Halafu ukapita ukimya mfupi, na fundi kule juu ya ngazi akautambua. Ndio ukimya aliouweka siku zote kabla ya kutangaza jambo kubwa, ili kila mtu kituoni ageuke.

"Namjua mmoja," sauti nzito na tamu ikasema. "Ni fundi mapazia, humuhumu mjini. Alizaa ana miaka kumi na sita. Mama yake akamchukua mtoto akamfanya wake. Leo binti ana miaka kumi na minne, wanakula sahani moja, na anamwita mama yake mzazi dada. Haya, Daktari. Rudia tena kwamba hakuna."

Kisha makofi yakalipuka, makofi ya watu waliosimama, wengine wanalia, wengine wanapiga miluzi, na daktari wa mifugo akasikika akisema, "Nimeshindwa, bwana, nimeshindwa."

Vibanio vilikuwa vimemdondoka fundi, vimetawanyika sakafuni.

"Fundi," mteja akamwita, "mbona pazia limebaki upande mmoja?"

Alikuwa tayari mlangoni.

Alimkuta Kitinda nyumbani jikoni, amesimama, magamba bado mgongoni. Mama alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani kama mtu aliyeitwa barazani kwa wazee.

"Dada," Kitinda akaanza, akajikata. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nikuite nani?"

Mama akainamia mikono yake.

"Nilitaka kuwafichia aibu nyote wawili," mama akasema mwishowe.

"Aibu ni mimi?"

"Sikusema hivyo, mwanangu."

"Mwanako nani? Ukumbi mzima umejua kabla yangu! Wamepiga makofi! Na mimi nilikuwa napiga, mpaka aliposema miaka kumi na minne."

Fundi akanyoosha mkono. Kitinda akaurudisha nyuma mgongo wake wa magamba, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mtangazaji alipiga simu jioni ile, ikaita mpaka ikachoka. Asubuhi fundi akaipokea.

"Fundi wangu…"

"Usiniite hivyo."

"Sikutaja jina, mpenzi. Nakuapia sikutaja jina."

"Ulitaja kazi, ukataja mji, ukataja umri wa mama na umri wa mtoto. Jina lilibaki la nini, la urembo?"

"Walikuwa wanakucheka. Nilikuwa nakutetea."

"Walionicheka siwajui, na mtu asiyekujua hawezi kukuumiza sana. Wewe nilikujua."

"Ulimi hauna mfupa. Uliteleza."

"Haukuteleza. Nilikuwa nasikiliza. Ulinyamaza kwanza, ukasubiri ukumbi utulie, ndipo ukasema. Nakuuliza jambo moja. Mtoto alikuwa mbele yako. Ulimwona?"

Kwenye simu basi likapiga honi.

"Ulimwona?"

"Nilimwona," ile sauti kubwa ikasema kidogo sana. "Nilidhani ni mtoto, hataunganisha."

Fundi akakata simu.

Maji yaliyomwagika yakaendelea kutafuta njia. Kipande kile cha sauti kikaruka simu kwa simu, na watu ambao hawakuwahi kushika kijitabu cha picha wakakisikiliza na kujifuta machozi. Wanawake wakaanza kuingia dukani kwa fundi kuulizia vitambaa, huku wanampima yeye, uso, kiuno, mikono, kisha wanatoka bila kununua. Wengine walimpa pole kwa sauti ya msibani. Mmoja alimwomba wapige picha. Shuleni wakamuuliza Kitinda siku ya wazazi ataleta mama yupi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye aliyeishi kwa kushona alikuwa hakuiona sindano iliyobaki kwenye pindo lake.

Halafu ikaja habari nyingine: kituo kikubwa cha redio cha mji wa mbali kilikuwa kimeisikia sauti ile, kikampa mtangazaji kazi. Naye aliikubali. Hakumwambia fundi. Fundi aliipata habari kwa mteja aliyedhani anampongeza.

Hiyo ilimuuma kwa namna yake. Ukumbini angeweza kumwombea udhuru, kwamba kelele zilimpanda kichwani, kwamba penzi lilimtoka kwa njia mbaya. Lakini kazi mtu huifikiria. Hulala, huamka, hupiga pasi shati, huenda kutia saini.

Kitinda alihamishia godoro chumbani kwa mama. Vijitabu vyote vya Mtaa wa Mikia akavifunga kwa kamba na kuvisukuma chini ya kabati. Kwa fundi alisema yale ya lazima tu, kula, sabuni imekwisha, mvua inakuja. Ilipofika jioni fundi alimfunikia chakula, asubuhi akakuta sahani imeoshwa. Akalishukuru hilo.

Baadaye binti akaanza kupita dukani akitoka shule. Hakusema kwa nini. Alijichimbia nyuma ya majora ya vitambaa, akampa mgongo, akafanya hesabu zake. Fundi hakumuuliza, asije akamfukuza kwa swali.

Siku mtangazaji alipokuja, Kitinda alikuwa hukohuko nyuma.

Mtangazaji alivaa suti mpya ya bluu iliyoiva, viatu vinavyong'aa, na alikuwa amekonda. Akasimama katikati ya duka kama mteja asiyejua anataka nini.

"Nimeifuta ile sauti," akasema.

"Umeifuta kwako."

"Kipindi nimekifunga. Sitafanya tena." Akatoa kiboksi kidogo, akakifungua juu ya meza ya kukatia, katikati ya mkasi na chaki. Pete ilikuwa nyembamba na nzuri, alijua kuchagua. "Naondoka Jumatatu. Nimekuja kukuomba twende wote. Wewe, Kitinda, na mama akitaka. Nikuoe mbele ya watu wote, niirudishe heshima yenu kwa mikono yangu. Nakupenda, fundi. Hilo halikuwa la kipindi."

Fundi akaitazama pete kwa muda. Moyo, huo mpumbavu, ulikuwa umeshaanza kujipima kidole.

"Ungeileta kabla ya kongamano," akasema, "ningekuvutia kiti nikaita mama."

"Na sasa?"

"Hiyo kazi ya redio. Wamekupa kwa sababu ya sauti ileile?"

"Ndiyo, lakini…"

"Ukaikubali."

"Nimeiota tangu niko mdogo. Unajua."

"Najua, na nakuombea ufanikiwe, sisemi kwa kejeli. Lakini mimi na mwanangu tumekuwa ngazi yako. Umepanda, umefika. Usituombe tena tusimame chini tukushangilie."

Ilikuwa mara ya kwanza kutamka "mwanangu" huku binti mwenyewe anasikia. Nyuma ya majora, kalamu ikaacha kuandika.

Mtangazaji naye akasikia ule ukimya, akajua nani yuko kule. "Kitinda," akaita. "Nisamehe, mdogo wangu. Sikufikiri."

"Ulikuwa unanitazama," binti akajibu bila kugeuka. "Uliposema miaka kumi na minne, ulikuwa unanitazama mimi."

Mtu yule aliyeweza kuzungumza na kituo kizima alinyoosha mkono mezani. Alifunga kiboksi, akakishika kama hajui ni cha nani. Mlangoni akageuka.

"Nikikupigia, utapokea?"

"Usinipigie," fundi akasema, kwa upole uliomuumiza kuliko matusi. "Nikiisikia hiyo sauti nitakusamehe, na mimi sitaki kukusamehe kwa sababu ya sauti."

Akaondoka. Kupitia dirishani suti ya bluu ilionekana ikivuka barabara, ikasimama upande wa pili, ikatazama nyuma, kisha watu wakaifunika.

Fundi akaokota mkasi, akakata kitambaa, akagundua amekikata pabaya. Akauweka mkasi chini na kulia kidogo, wazi, bila kuficha uso.

Kitinda akatoka nyuma ya majora. Hakumkumbatia. Aliketi kwenye kigoda cha upande wa pili wa meza, akakisogeza kile kipande kilichoharibika.

"Alikuwa anakupenda kweli," akasema.

"Najua."

"Na wewe?"

"Mimi bado nampenda."

"Sasa mbona umemkataa?"

"Kumpenda mtu ni kitu kimoja. Kumpa mgongo ukapata usingizi ni kitu kingine."

Binti akaifikiria hiyo. Nje muuza ndizi alipita akiita wateja, sauti ikafifia.

"Na wewe ulinificha," Kitinda akasema. "Si yeye peke yake."

"Nilikuficha. Kosa la kusema ni lake. La kutosema ni langu."

"Bado nimekasirika."

"Kasirika. Mimi nipo."

Kitinda akavuta uzi kwenye kile kipande, akauzungusha kidoleni mpaka ncha ikawa nyeusi, akauachia.

"Siku niliyozaliwa," akasema akiutazama uzi, "ilikuwaje?"

Fundi akakausha uso kwa upande wa kiganja. Miaka yote ile alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, kwa sababu hakuthubutu kutumaini kwamba kuna mtu angemuuliza.

"Ilikuwa mchana, jua kali," akasema. "Kwa shangazi, zahanati ndogo. Muuguzi alikuwa na mafua makubwa. Ulitoka kimya, tukaogopa. Halafu akapiga chafya moja kubwa, ukashtuka, ukalia. Sote tukacheka, mimi nacheka na kulia. Ulikuwa na nywele mpaka shingoni. Nililala na wewe kifuani siku tatu kabla mama… kabla bibi yako hajakuchukua. Siku zile tatu nilikuwa na jina langu la kukuita."

"Si hili langu?"

"Hilo Kitinda ni la majirani. La kwanza lilikuwa la kwangu."

"Lipi?"

Fundi akainama juu ya meza, akamwambia sikioni. Hakuwahi kulitamka tangu siku ile, na lilitoka na mkwaruzo.

Binti akalirudia taratibu, chinichini, mara moja, kisha mara ya pili. Hakumwita mama. Hakumwita dada pia. Alivuta kigoda karibu na meza, akaweka kidevu juu ya mikono.

"Kisha?" akauliza.